Ekari Mia Nne Zilizobaki: Kijiji Kinachojaa Kifanye Nini na Ardhi Yake?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji kimojawapo kando ya barabara ya Bagamoyo kwenda Msata. Zamani kutoka nyumbani kwangu hadi barabarani nilipita kwenye mikorosho mitupu. Leo napita katikati ya bikoni, yaani mawe ya mipaka ya viwanja. Vijana wetu hawana pa kulima, wafugaji wanalalamika kwamba njia zimezibwa, na kisima cha kitongoji chetu kimeanza kuwa na maji ya magadi. Kwa makadirio yetu zimebaki ekari 400 ambazo hazijauzwa, pamoja na bonde na kipande cha pori. Sasa amekuja mtu anataka ekari 120 kwa mkupuo. Wajumbe wengine wanasema tuwakatalie wageni wote, wengine wanasema tatizo ni sisi wenyewe kuzaa sana. Wewe unasemaje?

JIBU: Ndugu Mjumbe, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa kuwa wajumbe wenzako wamechanganya mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe kabla ya kikao chochote: idadi ya watu wanaoishi kijijini, na idadi ya viwanja vinavyokatwa kijijini. Watu huzingatia la kwanza kwa sababu ndilo linaloonekana, lakini kwa miaka yote niliyofanya kazi ya kupanga matumizi ya ardhi katika vijiji vya Pwani, nimeona ardhi ikimalizwa na la pili.

Tuanze hata hivyo na watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,098,668 katika Mkoa wa Pwani, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 2,024,947. Hilo ni ongezeko la takribani asilimia 6 kila mwaka, wakati Tanzania nzima iliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka na Dar es Salaam yenyewe, ambayo kila mtu huiona kuwa ndiyo inayofurika, iliongezeka kwa asilimia 2 na kidogo. Hakuna mkoa ambao akina mama wake wanaweza kuzaa kwa kasi ya kuufanya ukaribie kuwa maradufu ndani ya miaka 10. Sehemu kubwa ya ongezeko lile ni watu waliohama, na wengi wao ni watu wa Dar es Salaam waliovuka Bunju wakaingia Mapinga, Kerege na Zinga, kisha lami ilipofika Msata wakaendelea kuifuata hadi kwenu.

Tofauti hiyo ya asilimia 3 na asilimia 6 si jambo la kitabuni. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji aghalabu huandaliwa kwa miaka 10, na nimewahi kuona rasimu zilizochukua kasi ya ukuaji wa taifa zikaipachika kijiji kilicho dakika chache kutoka lami. Chukua kijiji chenye watu 3,000. Kwa kasi ya taifa, baada ya miaka 10 kitakuwa na watu 4,100 hivi; kwa kasi ya Mkoa wa Pwani kitakuwa na watu 5,500. Shule, zahanati na makaburi vilivyopangwa kwa hesabu ya kwanza vitakuwa vimejaa mpango ukiwa umefika nusu tu ya umri wake. Kwa hiyo ushauri wangu wa awali kabisa ni kwamba msikubali takwimu za mezani. Daftari la wakazi la kila kitongoji lipo, au linapaswa kuwapo kwa mtendaji wa kijiji; hesabuni kaya zilizohamia katika miaka mitano iliyopita, mtumie kasi yenu wenyewe.

Sasa tazama hesabu inayofuata, ambayo ningependa uiandike ubaoni siku ya mkutano. Tuseme kijiji hicho cha watu 3,000 kimepata watu wapya 2,500, yaani kaya kama 625 tukikadiria watu wanne kwa kaya. Kila kaya ikijenga kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, nyumba zote zitachukua hekta 25, na ukiongeza barabara, shule na nafasi za wazi hazitazidi sana hekta 36, ambazo ni ekari 89. Lakini kaya hizo hizo kila moja ikinunua ekari yake ya hatua 70 kwa 70, kama ambavyo dalali anavyopenda kuuza, zitachukua ekari 625. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni namna ardhi ilivyokatwa, na tofauti yake inazidi ekari zenu zote 400.

Na hapo nimewahesabu wanaohamia kweli. Wewe mwenyewe umesema unapita katikati ya bikoni. Hukusema unapita katikati ya nyumba. Nenda asubuhi moja katika hayo maeneo uhesabu milango. Utakuta mawe ya mpaka yaliyopakwa rangi nyeupe, kibao cha bati kilichoandikwa kwa mkono kwamba eneo haliuzwi, kibanda kimoja cha mlinzi, na mihogo ambayo mlinzi huyo ameipanda kwa ruhusa ya mdomo ya mwenye shamba asiyeonekana toka Pasaka hadi Pasaka. Ardhi hiyo haina mkazi wala mkulima wa kudumu, lakini imeshatoka mikononi mwa kijiji. Tangu mkataba wa awali wa mradi wa bandari ya Mbegani utiwe saini mwaka 2013, na hata kabla yake, watu wengi wamenunua Bagamoyo kwa kungoja bei ipande. Siwalaumu, maana hilo ni jambo halali. Nasema tu kwamba kijana wenu anayekosa pa kulima mara nyingi hajanyang'anywa na jirani aliyehamia, bali na kiwanja kitupu.

Hoja ya uzazi nayo isitupwe, ila iwekwe mahali pake. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania, kwa wastani, huzaa watoto 4.8. Athari yake kwa ardhi haionekani mwaka huu. Inaonekana siku ya mirathi. Babu aliyekuwa na ekari 8 akigawa kwa watoto wanne, kila mmoja hupata mbili, na hao wakigawa tena kwa wanne, mjukuu anabaki na nusu ekari, ambayo hailishi kaya lakini dalali huiona ni viwanja vitatu hivi vikishatolewa njia. Ndiyo maana mauzo mengi ninayoyakuta huanzia msibani, katika kikao cha familia cha kugawana. Huduma za uzazi wa mpango katika zahanati ni haki ya akina mama na ni vema kijiji kizisimamie zipatikane bila kukatika, lakini ekari 400 mlizonazo zitakuwa zimekwisha kabla matunda ya huduma hizo hayajaonekana shambani. Kinachoweza kusaidia mapema zaidi ni familia kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa pamoja, majina ya mume, mke na watoto watu wazima yakiandikwa, ili ndugu mmoja asiuze kipande chake kimya kimya. Na pale mzee anaposema kwamba kwa mila binti hapati ardhi, mkumbusheni kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imeibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki hiyo.

Ama kuwakatalia wageni wote, haiwezekani na wala haitafaa. Raia ana haki ya kuishi popote nchini, na Bagamoyo tangu enzi za misafara ni mahali pa wanaokuja. Zaidi ya hayo, mkikataza kwa tamko, mauzo hayatakoma. Yatahamia usiku, yataandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mashahidi wawili, na kijiji hakitajua kimeuza nini. Sheria yenyewe imewapa ufunguo mwepesi zaidi, yaani kwamba haki ya kimila haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Tatizo ni kwamba idhini hiyo katika vijiji vingi imegeuzwa kuwa muhuri wa mwenyekiti. Kuna desturi ya kutoza asilimia 10 ya bei, na serikali ya kijiji inayoishi kwa asilimia 10 haitakuwa na haraka ya kumwambia mnunuzi kwamba mahali anapopataka hapauzwi. Kama kijiji kinahitaji ada, na iwekwe katika sheria ndogo iliyopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, itolewe stakabadhi, na fedha zake zitengwe kwa kazi ya kupima.

Sasa nifike kwenye kiini cha jibu langu. Kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote ni la mfuatano: kijiji hukata viwanja kwanza, kisha hutafuta mahali pa kuweka vitu vya wote katika makombo yaliyobaki. Nilipokuwa kijana kazini tuliitwa kwenye kijiji kimoja kuandaa mpango, tukapokewa vizuri, wali na samaki tukala, na wazee wakatupeleka kutuonyesha eneo la shule ya sekondari lililotengwa kwa mdomo miaka mingi nyuma. Tulikuta wanunuzi watatu wameshaweka alama zao humo, kila mmoja na karatasi yake yenye muhuri, na wawili kati yao karatasi zao zilihusu kipande kile kile. Hatukuwa na ramani ya kumwonyesha yeyote kwamba amekosea. Tuliirudisha kamba ya kupimia garini tukaondoka. Kwa hiyo msianze na kuuliza ni ekari ngapi ziuzwe; anzeni na zile ambazo haziuzwi hata kidogo, mziweke kwenye ramani, na kitakachobaki ndicho cha kujadiliwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaigawa ardhi yenu katika makundi matatu: ardhi ya pamoja, ardhi ya watu na familia, na ardhi ya akiba. Ardhi ya pamoja ikishaidhinishwa na mkutano mkuu na kuandikwa katika daftari la ardhi, halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kumgawia mtu binafsi. Huu ndio ukuta wenu, na haugharimu mfuko mmoja wa saruji. Wekeni ndani yake, kwa uchache, bonde, njia na maji ya mifugo, pori, makaburi pamoja na nafasi ya makaburi yajayo (wapangaji wengi husahau kwamba watu wanaoongezeka nao hufa), eneo la shule ya pili, na vyanzo vya maji.

Bonde nalitaja kwanza kwa makusudi. Hapo ndipo mpunga wenu unapotoka, na ndipo maji ya masika hupumzika kabla ya kuingia ardhini au kuelekea Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam na sehemu kubwa ya Bagamoyo hunywa kupitia mtambo wa Ruvu Chini. Wakati wa kiangazi bonde huonekana uwanda mzuri, limenyooka, halina visiki, na mnunuzi anayekuja Agosti huliona linafaa kuliko mahali pengine pote. Mwonyesheni bonde hilo Aprili. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pimeni mita hizo kwa kamba pande zote mbili za kijito chenu na kupanda alama za miti, kwa sababu sheria iliyoko kwenye karatasi haizuii tofali.

Kuhusu kisima chenye magadi, sina budi kusema kwa tahadhari, kwa kuwa sijaonja maji yake wala kuona vipimo. Katika mwambao wetu maji matamu ya chini ya mchanga hukaa juu ya maji ya chumvi, na yanapovutwa kuliko yanavyojazwa na mvua, chumvi hupanda. Visima vya kuchimba kwa mashine vinavyoongezeka kila nyumba mpya inapojengwa vinatosha kuleta hali hiyo. Jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi ni choo. Ushauri wa kawaida wa afya ni kwamba choo cha shimo kiwe si chini ya mita 30 kutoka kisimani. Chukua kiwanja cha 20 kwa 20, weka choo kwenye kona moja na kisima kwenye kona ya mkabala: umbali wake ni mita 28 tu, na hapo hatujamtaja jirani ambaye choo chake kimegusana na ukuta wako. Maana yake, kiwanja kidogo ni kizuri pale tu ambapo maji ya bomba yapo au yatakuja. Hivyo nyumba zibanwe karibu na barabara, ambako bomba na nguzo za umeme zinaweza kufika kwa gharama ndogo, na katika eneo hilo kijiji kikubali kisima kimoja au viwili vya pamoja vilivyolindwa badala ya kila kaya kuchimba cha kwake.

Mikorosho iliyobaki ningeilinda kwa njia tofauti na bonde, kwa sababu ni mali ya watu na kijiji hakiwezi kuitaifisha. Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 huingia miche 28 katika ekari, na katika miaka ya mwanzo muhogo, kunde na ufuta hustawi katikati yake; hata nanasi, kama walivyoonyesha wenzenu wa Kiwangwa, halihitaji shamba kubwa ili lilipe. Mpango unaweza kutamka kwamba ukanda huo ni wa kilimo, kwamba anayenunua humo ananunua shamba na haruhusiwi kukata vipande chini ya kiwango ambacho mkutano mkuu utakiweka. Mimi ningependekeza ekari 2. Mtu wa mjini anayetaka kulima kweli hatakimbia. Anayetaka kukatakata atakwenda kwingine. Tena mnaweza kuwahimiza wenye mashamba wakodishe kwa misimu badala ya kuuza, kwa mkataba ulioandikwa mbele ya mtendaji. Kodi ni fedha ndogo kuliko bei, lakini mwakani inarudi tena, na bei hairudi.

Wafugaji nitawasemea kwa ufupi. Ng'ombe hufuata maji wakati wa kiangazi kwa njia ile ile waliyopita mwaka jana, na njia hiyo isipokuwa kwenye ramani ndiyo ya kwanza kuuzwa, maana imeshafyekwa na kwato na dalali anaiuza kama barabara ya kufikia viwanja. Iandikeni mkiwa mmekaa nao, hadi mtoni, na mkubaliane na kijiji jirani ili isiishie mpakani. Ugomvi mwingi unaoitwa wa wakulima na wafugaji nimeukuta ukianzia kwenye njia iliyozibwa na mtu wa tatu asiyelima wala kufuga.

Kuhusu utaratibu, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Namba 6 ya mwaka 2007 inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji ndani ya mipaka yake, na mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi unaipitisha kazi hiyo katika hatua sita, kuanzia maandalizi ya wilaya hadi usimamizi wa kila siku. Mtahitaji wataalamu wa halmashauri ya wilaya, mpima ardhi na cheti cha ardhi ya kijiji kinachoonyesha mpaka uliokubaliwa na majirani. Mpaka ndio unaochelewesha. Operesheni vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya zamani, ambayo leo ni mahame, na hadi leo familia hudai mwembe wa babu ulio upande wa kijiji kingine. Msisubiri wilaya ipate bajeti ndipo muanze. Ramani ya mkono iliyochorwa na wazee wa vitongoji vyote, ikajadiliwa katika mkutano mkuu na kuandikwa kwenye muhtasari wenye orodha ya mahudhurio, tayari ni ushahidi mzito kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja, na inawapunguzia wapimaji siku za kazi.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha, na wajumbe wengi hushtuka nikiitaja. Vijiji vilivyo kwenye njia ya mji hatimaye hutangazwa kuwa eneo la mipango miji na kugeuzwa mitaa. Kijiji kikishakuwa mtaa, halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wake havipo tena kama vyombo vya kuamua ardhi. Kilichokwisha kupimwa na kuandikwa kuwa cha umma kina nafasi ya kubaki hivyo kwenye ramani ya mji. Kilichokuwa kikijulikana kwa mdomo tu kitatafutwa katikati ya kuta na urasimishaji wa makazi, yaani kazi ya kupima na kuhalalisha nyumba zilizojengwa bila mpango, nao hupanua vichochoro kwa kumwomba kila mwenye nyumba atoe mita moja.

Basi turudi kwa huyo wa ekari 120. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaidhinisha, kwa hiyo jibu la kumpa wiki hii halihitaji ubishi: mwambieni maombi yake yatasomwa kwenye mkutano baada ya ardhi ya pamoja kuandikwa, na kama ana nia atangoja. Wakati huo huo mtakeni aandike atafanya nini, kwa miaka mingapi, atatumia maji kutoka wapi, na kama atakubali kukodi. Ukiondoa bonde, pori, njia ya mifugo na nafasi za huduma, sitashangaa mkikuta kwamba katika zile 400, zinazoweza kujadiliwa hazifiki 150, na kwamba anachokiomba ni karibu chote walichobakiwa nacho vijana wenu. Mkutano mkuu wa kawaida hukutana kila baada ya miezi mitatu. Kama ujao uko mbali, mwombeni mwenyekiti aitishe wa dharura, na ramani ya mkono ibandikwe ukutani siku saba kabla, mahali ambapo hata asiyesoma ataiona njia ya kwenda shambani kwake.